Mgeni Rasmi wa Tumbo la Mzee Ligola

Ipo nchi moja ambayo jina lake siwezi kulitaja, si kwa woga, ila kwa sababu jina lenyewe limeshachongwa, limeshapakwa rangi, na sasa limefunikwa kitambaa likisubiri kuzinduliwa. Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachohesabiwa kuwa kipo mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Lipo daraja zuri la zege, na chini yake watu wanavuka mto kwa kukunja suruali, viatu mkononi, kwa kuwa daraja bado halijafunguliwa. Kipo choo cha shule kilichozinduliwa na mawaziri watatu kwa nyakati mbalimbali, hata walimu wakaona haya kukitumia kwa shughuli yake. Wananchi wa huko ni watu wa heshima na hawalalamiki.

Desturi ya kuzindua matumbo ya wagonjwa ilianza kwa bahati tu. Waziri wa Afya na Sherehe alikwenda kufungua chumba kipya cha upasuaji katika Hospitali Kuu ya Taifa. Hotuba ikatolewa, matarumbeta yakapigwa, mkasi ukaletwa juu ya sinia, kisha ikagundulika kwamba utepe umesahauliwa. Mkono wa waziri ulikuwa umeshanyanyuka, na katika nchi ile mkono wa waziri ukinyanyuka haurudi chini mtupu. Mezani alikuwa amelazwa mgonjwa wa busha, aliyewekwa pale ili kupendezesha picha. Waziri akamkata yeye. Watu wakapiga makofi, na daktari mmoja wa makamo aitwaye Mfaume akabaki nyuma akishona kila mahali mkasi ulipopita. Mgonjwa, kwa rehema za Mungu na uzi wa Mfaume, akapona.

Huko kosa likishapigiwa makofi huwa ni sera. Likatoka tamko kwamba hakuna mwananchi atakayepasuliwa bila mgeni rasmi. Idara ya Upasuaji ikaunganishwa na Idara ya Itifaki ili kubana matumizi, na juu ya lango la hospitali pakaandikwa kwa herufi za shaba: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

*

Siwema Lukindo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano katika chuo cha Kisokwe, wilaya ambayo serikali huikumbuka wakati wa sensa na wakati wa kura. Baba yake alikufa kwa ngiri, ugonjwa ambao daktari mwenye kisu safi anaumaliza kabla chai haijapoa. Lakini Kisokwe hapakuwa na daktari wa upasuaji. Mzee wa watu alikufa juu ya machela katikati ya mashamba ya mihogo, huku waliombeba wakibishana njia ya mkato ni ipi. Tangu siku hiyo Siwema alitaka jambo moja tu maishani: kujifunza kupasua, kisha arudi nyumbani apasue.

Sheria ilisema kwamba mwanafunzi hawezi kuwa daktari wa upasuaji mpaka aende Hospitali Kuu kama mwanafunzi mgeni, ashinde huko muhula mzima, na arudi na barua ya sifa. Asiyekuwa na barua aliishia kutoa dawa za minyoo. Kwa hiyo Siwema akaomba nafasi. Aliambatanisha picha yake akitabasamu mbele ya picha ya kiongozi, huku kiongozi akionekana kutabasamu zaidi. Aliandika insha juu ya mchango wa mgeni rasmi katika kukauka kwa kidonda. Alipeleka hati ya mwenyekiti wa mtaa, yenye mhuri, ikithibitisha kwamba mwombaji anajua kupiga makofi na haanzi kabla ya wenzake. Alama zake za anatomia, ambazo zilikuwa za kwanza nchini, zilirudishwa kwenye bahasha zikiwa na maelezo kwamba hazikuombwa.

Kwenye usaili alikuta watu watatu. Wa kwanza alikuwa Profesa Makuka, mkurugenzi wa hospitali, aliyekuwa akisinzia kwa utaratibu mzuri. Wa pili alikuwa Bi. Zaituni Mgaya, Mkuu wa Itifaki na Upasuaji, mama mnene wa kilemba aliyeogopwa kuliko saratani. Wa tatu alikuwa fundi cherehani mwenye futi shingoni, naye hakuelezwa amekuja kufanya nini.

Bi. Zaituni akamuuliza: mshipa mkubwa ukikatika katikati ya upasuaji, jambo la kwanza ni lipi? Siwema akajibu kwamba atabana mshipa. Bi. Zaituni akamtazama kwa huruma, akaandika sifuri. Jibu lilikuwa kwamba mshereheshaji hutaarifiwa kwanza, naye humtaarifu katibu, naye humnong'oneza mgeni rasmi ili asogeze viatu vyake. Mwanafunzi aliyemfuata alilijua jibu hilo kwa moyo, na baadaye alikuja kuwa mtu mkubwa sana.

Siwema alikuwa ameshakata tamaa, anatafuta mlango, pale fundi cherehani aliponyanyuka na kumpima kuanzia unyayo hadi kiwiko. Fundi akapiga kofi mezani. Sinia likishikwa na binti huyu, alisema, litakuwa usawa kamili wa mkono wa Mheshimiwa. Hatainama wala hatanyoosha bega. Profesa Makuka akaamka kupongeza. Hivyo ndivyo binti aliyeongoza nchi nzima kwa anatomia alivyopata nafasi ya upasuaji, kwa kuwa kiwiko chake kilikuwa mahali panapotakiwa.

*

Kazi yake ilikuwa kushika sinia. Juu ya sinia palikuwa na mto wa mahameli, na juu ya mto mkasi wa dhahabu. Mkasi huo haukuwahi kuchemshwa, maana maji ya moto yangeuvua rangi. Kwenye kiungo chake palikuwa na uchafu mweusi uliogandamana, tabaka juu ya tabaka, kumbukumbu ya kila tumbo lililowahi kuzinduliwa. Siwema aliuona siku ya kwanza, akaomba ruhusa ya kuusafisha. Akaambiwa hiyo ni historia ya taifa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda hivi. Karibu na meza ya mgonjwa iliwekwa meza kuu, yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na maji ya chupa. Mgonjwa, kabla hajapewa nusukaputi, alimsomea mgeni rasmi risala yenye mafanikio ya ugonjwa wake na changamoto zake. Kisha akalazwa. Kisha kwaya. Kisha hotuba, ambayo ilianza kwa kuwataja wote waliohudhuria na kumalizia na maneno "itifaki imezingatiwa", hata kama mgonjwa alikuwa ameanza kugeuka rangi. Kisha mgeni rasmi akachukua mkasi na kukata mahali alipopapenda, kwa kuwa si adabu kumwelekeza mkubwa. Vigelegele vikapigwa, sahani za pilau zikapita, na inzi, ambao nao hawakualikwa, wakala huku na huku bila ubaguzi.

Wageni walipotoka ndipo Daktari Mfaume alipoingia kwa mlango wa nyuma, sasa akiwa mzee wa mvi, na kuanza kutafuta ugonjwa uko wapi na mkasi ulipita wapi. Wagonjwa wengi walikufa kabla hajawafikia. Waliobaki walipelekwa kwenye wodi moja ndefu iliyoitwa Wodi ya Waliozinduliwa. Harufu yake ilikupokea ungali mbali, harufu ya usaha na ubani, na ukiingia ulikuta watu wenye vidonda vilivyoachama, na ukutani juu ya kila kitanda picha ya rangi ya mgonjwa akikatwa na mtu mkubwa. Ndugu walipokuja kuwaona walianza kwa kuisifu picha. Siwema alitapika siku ya kwanza, na siku ya pili, na baadaye akaacha kula asubuhi ili asipate cha kutapika. Kilichomchefua zaidi hakikuwa usaha, maana usaha ni kazi ya daktari. Kilichomchefua ni kwamba kila mtu mle ndani alishukuru.

Aliwaza kuondoka. Lakini aliikumbuka ile machela, na akajua kwamba bila barua hatashika kisu Kisokwe milele. Akajikaza kisabuni, akashika sinia.

*

Asubuhi moja akaletwa Mzee Ligola, fundi baiskeli, tumbo limekaza kama ubao na macho yameingia ndani. Kidole tumbo kilikuwa kinakaribia kupasuka, kama hakijapasuka tayari. Mgeni rasmi wa siku hiyo alikuwa Waziri wa Afya na Sherehe mwenyewe. Wakamvika mzee gauni, wakampa risala aishike. Waziri akatuma salamu kwamba amepitia kuzindua josho la ng'ombe. Jua likapanda. Waziri akatuma salamu nyingine kwamba josho limenoga, na hatakuja.

Bi. Zaituni akaagiza meza kuu iondolewe na mgonjwa arudishwe wodini mpaka tarehe nyingine. Siwema aliuliza kama tumbo nalo limearifiwa kuhusu tarehe.

Akaenda nyuma ya jengo, akamkuta Daktari Mfaume ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai ya rangi. Akamwambia mzee yule hatafika jioni. Mfaume alisema ameshona makosa ya mawaziri wengi mno, na kwamba huu ni umri wa kungoja kustaafu kwa amani. Kisha akamuuliza kama mikono yake hutetemeka.

"Haitetemeki, Dokta."

"Basi kanawe."

Walimpeleka Mzee Ligola kwenye chumba cha kufulia, ambako mashuka huchemshwa na kwa hiyo palikuwa mahali safi kuliko pote hospitalini. Hapakuwa na kwaya. Mfaume akamlaza mgonjwa kwa nusukaputi, akampa Siwema kisu, akasimama pembeni yake akimwelekeza kwa sauti ya chini. Siwema akakata. Ngozi ikafunguka kwa mstari mmoja mwembamba, ikafuata nyama, ikafuata utando, na pale ndani akakiona kile kidole kimevimba, chekundu, kimeng'aa, hakijapasuka. Akakifunga, akakitoa, akashona. Mkono wa Mfaume ulimgusa begani mara moja tu, naye akahisi furaha ambayo hakuwahi kuihisi tangu azaliwe, akalia ndani ya barakoa. Baada ya siku chache Mzee Ligola alikuwa anaomba ugali na kutengeneza magurudumu ya vitanda vya wenzake.

*

Mtu mwenye afya hawezi kufichwa katika hospitali ile. Mzee Ligola alionekana upesi kwa namna alivyotembea. Bi. Zaituni akaitisha kikao cha dharura. Palisemwa mengi, na mwisho Profesa Makuka akafafanua sheria kwa upole. Upasuaji usiozinduliwa, alisema, haujafanyika. Kwa hiyo Mzee Ligola bado ni mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, na kule kupona kwake ni tetesi. Kwa bahati njema Mheshimiwa Waziri amepata nafasi siku ya Alhamisi. Mzee atafunguliwa upya, kwa mujibu wa taratibu, na mwanafunzi Lukindo atashika sinia. Akikataa, basi na mafunzo yake nayo hayajafanyika. Akikubali, barua yake iko tayari, inangoja sahihi tu.

Siwema akaenda mbio wodini kumwonya mzee atoroke. Alimkuta amekaa kitandani, ananyoosha shati jeupe kwa kiganja.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia habari njema?"

"Mzee, wewe umeshapona. Ndani hakuna cha kukata. Ule mkasi utakuua."

"Najua nimepona. Hata kitandani nalala kwa ubavu."

"Sasa unakubalije?"

Mzee Ligola aliikunja mikono ya shati lake taratibu kabla ya kujibu. "Kijijini kwetu tunaomba kisima tangu mimi sijaoa. Diwani hajafika, mbunge hajafika. Alhamisi waziri anakuja kwangu, jina langu limo kwenye ratiba. Kisima nimekitia kwenye risala, pale kwenye changamoto. Nikimkimbia leo, atakuja tena lini?"

Siwema alitoka nje akatema mate, na mate yenyewe yalikuwa machungu.

*

Alhamisi ikafika na matarumbeta yake. Waziri alikuwa mtu mfupi, mwenye suti ya rangi ya maziwa na tabasamu lililozoea kamera. Mzee Ligola akasoma risala yake kwa sauti kubwa, kisima akakitaja mara mbili, na waziri akasema changamoto zote amezipokea. Mzee akalala usingizi wa dawa akitabasamu. Hotuba ikaanza. Ilipita kwenye mafanikio ya barabara, ikapita kwenye josho la ng'ombe, ikatua kwenye tumbo lililolala mbele yao na bendeji yake safi. Siwema alisimama na sinia usawa wa kiwiko. Kwenye meza kuu, chini ya chupa ya maji, aliiona barua yake, na kalamu juu yake.

Waziri akanyoosha mkono bila kutazama, akaushika mkasi, akavuta. Mkasi haukuja. Akavuta tena. Siwema alikuwa ameushika upande wa pili, kwa ngumi, na sinia limeshaanguka.

"Mheshimiwa," alisema, "mzee huyu ameshapona."

Kwaya ikasita. Bi. Zaituni akashika kilemba chake. Waziri akainama karibu, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, akanong'ona: "Amepona kwa ruhusa ya nani?"

"Amepona tu, Mheshimiwa. Ukimkata atakufa, na hawa wote watakuwa wanapiga picha."

Sasa, wasomaji wangu, viongozi wa nchi ile husemwa mengi, lakini wajinga si wao. Waziri aliitazama bendeji nyeupe. Aliitazama suti yake ya rangi ya maziwa, akakumbuka suti ngapi zimeharibiwa na wananchi. Akacheka kicheko cha baba mwema, akauchukua mkasi, ambao Siwema alikuwa sasa ameulegeza, akaingiza ncha yake chini ya bendeji na kuikata, krrr, kama utepe. Tumbo la Mzee Ligola likaonekana, na mshono wake mzuri uliokauka.

"Ndugu wananchi," akasema waziri, "wenzetu duniani wanapasua ili watu wapone. Sisi tumepiga hatua. Sisi tunapona kwanza."

Makofi yalitikisa chupa za maji. Watu wazima walikumbatiana. Siwema aliyasikia kwa mbali, akimtazama mzee akipumua. Alidhani ameshinda.

*

Tamko jipya lilitoka kabla pilau halijaisha. Kuanzia sasa wageni rasmi watazindua waliopona pekee, jambo ambalo ni safi, halina damu, na takwimu zake hazina doa. Na kwa kuwa Hospitali Kuu ni mahali pa waliopona, watu wenye maumivu wasiruhusiwe kupita langoni na kuchafua matokeo. Wodi ya Waliozinduliwa ikafagiwa. Waliokuwa mle wakarudishwa makwao na picha zao chini ya kwapa. Daktari Mfaume akastaafishwa kwa heshima, akapewa saa ya ukutani. Mzee Ligola alirudi kijijini akiwa na afya tele, na hadi leo anateka maji mtoni.

Siwema naye hakusahaulika. Kwa mchango wake katika mageuzi ya upasuaji alitangazwa bingwa, miaka mingi kabla ya wenzake, yeye aliyekuwa amepasua tumbo moja. Barua ikatiwa sahihi. Ilisema kwamba ana mshiko imara. Kisokwe walikuwa wameshafunga turubai uwanjani kumpokea, mkuu wa wilaya akiwa mgeni rasmi, na gari la hospitali likawashwa kumpeleka. Alipanda akiwa na kichefuchefu kilekile cha asubuhi zote, ila sasa kilikuwa na jina lake mwenyewe ndani.

Langoni gari likasimama. Mbele yake palikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni mwanamke anayejifungua, amejikunja kwa uchungu, kanga zimelowa damu. Mumewe alikuwa ameushika mkono wa mlinzi. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamuuliza swali aliloagizwa kuuliza: mgonjwa amepona? Mume akajibu kwamba hajapona, mtoto amekwama. Basi, akasema mlinzi, amrudishe akishapona.

Siwema akafungua mlango wa gari. Bi. Zaituni, aliyekuwa ameketi mbele na barua mapajani, akageuka.

"Ukirudi humo ndani, binti, barua hii haijaandikwa. Na wewe hujawahi kufika hapa."

"Sawa, Mama. Basi mtu ambaye hajafika, utamzuiaje?"

Akashuka. Akaushika mkokoteni upande wa pili, akamwambia mume asukume, na mlinzi akatazama pembeni kwa kuwa hakuagizwa chochote kuhusu watu wasiokuwepo. Daktari Mfaume alikuwa nyuma ya jengo anafunga vitu vyake. Hakuulizwa mara mbili. Maji yalikuwa bado yanachemka katika chumba cha kufulia, kisu kikapatikana, na mikono ya Siwema haikutetemeka. Nyuma yao gari liliondoka kwenda Kisokwe bila bingwa, maana turubai lilishafungwa na sherehe haiahirishwi.

Kumbukumbu za Hospitali Kuu, ambazo ni sahihi siku zote, zinaonyesha kwamba siku hiyo hakuna mgonjwa aliyeingia na hakuna aliyepasuliwa. Mwanafunzi aitwaye Siwema Lukindo hafahamiki. Mwanamke wa mkokoteni hakuwepo, wala hakumwambia mtu yeyote asante. Mtoto naye, kwa kuwa mgeni rasmi hajapatikana, bado hajazaliwa. Analia tu.